Wekundu Ndani ya Mkate

Nitegulie hiki: ana meno mwili mzima, lakini hutafunwa yeye. Umeshindwa? Ni hindi.

Mkaza mwanangu, bibi harusi wa juzi, alisaga mahindi akatuokea mkate. Nilipoukata nikaona wekundu ndani. Mbegu zetu za kupanda, zilizokaa stoo, zilikuwa na wekundu huo huo wa dawa ya wadudu. Sumu tupu.

"Umesaga mahindi ya jikoni au ya stoo?"

Bibi harusi alikuwa na kitambaa mkononi. Akazidi kufuta meza safi.

"Mama, wivu huo!" mwanangu akacheka, akainua kipande. "Wako hauumuki hivi."

Nikamkamata mkono. Chembe ikabaki mdomoni pake.

"Ya wapi, mwanangu?" nikamgeukia mkewe.

Kitambaa kikasimama.

"Ya stoo, mama. Ya jikoni yaliisha. Na mimi nimeshakula."