Fonti ya Nyumba ya Mbwana

Siku hizi kila nyumba ina fonti yake moja, na yeyote anayelala humo, akiandika chochote, kinatoka kwa fonti hiyo. Zipo zinazomfanya msomaji akuamini, na zipo zinazomtia shaka. Ukishasajili, hubadilishi tena.

Kazi yangu ni kuwachagulia watu. Mbwana alinijia na macho yake makavu. Huyu ndiye shemeji aliyenitoa nyumbani kabla eda ya mume wangu, mdogo wake, haijaisha, akambakisha binti yangu Riziki, eti ni damu ya kwao.

"Shemeji, nitafutie iliyotulia," alisema. "Ya watu wenye heshima zao."

"Kaa, shemeji. Utapata ya hadhi yako."

Nilizunguka maktaba zote za mtandaoni mpaka nikaipata: herufi nyembamba, maridadi, zimelala upande kidogo. Ukizisoma unahisi mwandishi anakudanganya, ila huwezi kusema kwa nini. Mbwana alizipenda. Akanishukuru.

Duka lake halikumaliza mwaka. Wateja walisoma matangazo yake, wakaguna, wakapita. Mimi nikawa nalala usingizi wa pono.

Jana Riziki aliniandikia: "Mama, baba mkubwa ananipiga. Njoo unichukue."

Fonti ile naijua, niliichagua mwenyewe. Nimeusoma ujumbe tena na tena. Kila nikifika mwisho najikuta naguna: huyu mtoto naye, uongo kajifunza lini?