Sufi Kwenye Mkanda

Siku hizi mkanda wa gari husikiliza moyo wa abiria. Ukisikia moyo umechoka, gari lenyewe hukata kona likampeleka mtu Nyumba ya Mapumziko, na huko harudi mtu.

Mume wangu Mhando alikuwa akilalamika kwamba mkanda unamkwaruza shingo. Basi nikaushonea mfuko wa kanga, nikaujaza sufi mpaka ukawa mnene kama mto wa mtoto mchanga. Tukaondoka kwenda Korogwe kumwona kitukuu wetu wa kwanza.

"Kitendawili!" nikamwambia njiani.

"Tega, bibi harusi wangu."

"Hana mikono, lakini amenikumbatia."

"Mkanda! Na leo umejifunza adabu, haukwaruzi."

Tukacheka. Mara gari likapunguza mwendo, likasema kwa sauti laini, "Moyo wa mzee unasikika kwa mbali." Likaiacha njia ya Korogwe.

"Ni sufi hiyo!" nikapiga kelele. "Moyo wake mzima!" Nikaanza kufumua nyuzi kwa meno.

Mhando akanishika mkono. "Yabakize hayo meno, mke wangu. Kitukuu atataka kukuona ukicheka."

Sikumsikiliza. Nilifumua mpaka sufi ikatapakaa mapajani mwetu, na geti la Nyumba likawa limeshafunguka.