Akiba ya Mshono

Rukia aliweka gauni lile lile juu ya cherehani, kwa mara ya tatu mwaka huu.

"Umenawiri, dada," alisema fundi Shebe. "Shemeji anakutunza."

"Sina mume, fundi. Ni dawa za akili, zimeninenepesha."

Mguu wa Shebe ulisimama kwenye pedali. "Lakini zinakusaidia?"

"Nalala. Zile sauti zimenyamaza." Alitoa pakiti ya vidonge mkobani. "Ila tangu juzi sijavigusa. Jumamosi mdogo wangu anaolewa, nami nataka gauni hili linienee."

Fundi aligeuza gauni, akakagua mishono ya ubavuni. Kitambaa cha akiba kilichokunjwa ndani ya mishono kilikuwa kimekwisha; alishakifumua chote mara mbili zilizopita. Akachakura gunia la vipande, akaibuka na kitambaa cha buluu.

"Nitakitia huku na huku. Kitaonekana, lakini."

Rukia alikipima ubavuni kwa kiganja. "Mbona kipana hivi?"

"Nimekuachia nafasi," alisema Shebe, akaanza kufumua.

Rukia alikaa kwenye benchi, pakiti mkononi, akiutazama mkasi ukikata nyuzi moja moja.

"Fundi," alisema baadaye, "una maji ya kunywa?"