Sauti Iliyochelewa

Mdogo wake alifungua mdomo, na neno likachelewa kutoka.

"Mama," midomo ilisema. Kikapita kimya kidogo, ndipo sauti ikafika: "Mama."

Kaka mtu akairudisha video nyuma, akaicheza tena. Yale yale. Mwanzoni sauti ilikwenda sambamba na midomo, lakini kadiri video ilivyosonga ndivyo ilivyozidi kubaki nyuma, hata mwishoni kijana alikuwa ameshafunga mdomo na bado anaongea.

Aliujua ugonjwa huo. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi, na mtaani walimwita Mkasi. Video za simu zina tabia ya kubadili mwendo: picha zinakimbia, zinasita, zinakimbia tena. Programu nayo inahesabu mwendo mmoja tu, kama askari wa gwaride. Dawa yake ni kuipitisha faili kwenye programu nyingine, ipewe mwendo mmoja, ndipo ikatwe. Akaipitisha. Akairudisha. Sauti ikachelewa vile vile.

Jasho likamtiririka. Alikuwa amefunga dirisha na kushusha pazia ili kelele za mtaani zisiingie, na chumba kilikuwa moto kama tanuri. Nje ulikuwa mchana mweupe. Mkewe akagonga mlango.

"Baba watoto, chakula kinapoa."

"Weka tu hapo."

"Cha asubuhi nacho nimekikuta hapa hapa mlangoni."

Akarudi kwenye skrini. Ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa mama yao alipokea video kutoka kwa kitindamimba wake aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo. Na kitindamimba huyo alikuwa amefariki tangu mvua za mwaka uliopita.

Alifia huko huko, akazikwa huko huko. Wakati huo mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, moyo unamsumbua, na daktari alikataza asipewe habari nzito. Kaka mtu na dada yake, ambaye ndiye aliyekaa na mama, wakakubaliana wangoje kwanza apate nguvu. Diski ya kompyuta yake ilikuwa imejaa video za marehemu za miaka yote: akicheka, akijisifia mapishi yake, akilalamikia baridi. Kaka mtu akakata kipande hapa, akakiunga na kingine pale, akapata salamu. Ilikuwa iwe mara moja tu.

Mama akapata nguvu. Akaanza kujibu. Sasa angeambiwaje? Kila salamu ilikuwa tofali jingine, na ukuta ulishampita kaka mtu kichwani. Kazi za harusi aliziacha moja baada ya nyingine. Alishinda humo ndani akimsikiliza marehemu akisema "mimi mzima kabisa, Mama", akihamisha pumzi kutoka sentensi hii kwenda ile, huku akiogopa siku vipande vitakapomwishia. Nafuu yake ilikuwa moja: mama hakuwahi kuuliza mwanawe atarudi lini, wala kuomba wapigiane simu waonane. Kwa hilo alimshukuru Mungu kila alipokikalia kile kiti.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake.

"Kaka, bado?"

"Sauti inanitesa. Haitaki kukaa mdomoni."

"Basi iache leo. Si lazima."

"Si lazima vipi? Mama anangoja! Halafu akiona mdomo unakwenda huku na sauti kule, si atashtuka? Unataka tumuue?"

Dada akashusha sauti. "Umekula lakini?"

"Na wewe usianze." Akakata simu.

Akafuta mafaili ya muda ambayo programu hujirundikia yenyewe. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Sauti ikachelewa. Akapiga meza kwa kiganja, akabaki ameinamisha kichwa, akimsikia marehemu akicheka baada ya uso wake kuacha kucheka.

Likabaki swali la kila fundi: mbovu ni faili, au mbovu ni mashine? Namna ya kujua ni kujaribu faili ya simu nyingine. Iliyokuwa karibu ilikuwa jibu la mama la wiki iliyopita, lililotumwa kwenye namba ya marehemu, namba ambayo sasa alikuwa nayo yeye. Akaliingiza kwenye programu.

Mama akatokea, kajifunga kitambaa kichwani, kakaa kwenye kochi.

"Nimefurahi kukuona, mwanangu. Ukiongea na kaka yako, mwambie ale. Mwambie atoke nje kidogo apigwe na jua."

Midomo na sauti vilikwenda pamoja kama chanda na pete. Kumbe mashine ni nzima. Mama akapunga mkono, na hapo ndipo kaka mtu alipozoea kuzifunga video zote za mama, maana zaidi ya hapo moyo wake haukuweza.

Lakini kwenye programu kipande hakikuishia kwenye ule mkono. Kiliendelea, kirefu, picha nyeusi tupu. Dada alikuwa ameilaza simu mezani, kamera chini, akasahau kuzima. Kaka mtu akasogeza kishale aikate ile ziada, na sauti ya dada yake ikatoka kwenye spika.

"Mama, hadi lini? Kwa nini tusimwambie tu kaka kwamba ulijua tangu siku ya kwanza?"

Kochi likalia. Mama akashusha pumzi.

"Ukimwambia, kesho ataamkia nini? Mmoja ameshaniponyoka. Huyu mwache aendelee kuniletea video zake, mpaka apone."