Mpini wa Chuma

Fidelia alimjua shemeji yake kwa harufu ya utomvu wa paini kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa amelowa mvua. Matone yalidondoka sakafuni kama mbuzi anayekojoa.

"Kamwene, shemeji. Karibu Lyamkena."

"Nasikia unaniandika polisi."

"Nakuandika ulivyo. Ungekuwa mwema ningekuombea ushemasi."

Fidelia haoni, hivyo kompyuta humsomea kwa sauti kila anachoandika. Nayo haikuwa na aibu: "Alimvunja dada yangu taya kwa mpini wa chuma wa shoka."

Shoka alilokuja nalo likashuka. Kioo cha kompyuta kikapasuka, vipande vikamchana Fidelia shavu, damu ikamtiririkia vidoleni.

"Andika sasa!" shemeji akacheka akihema. "Nimeshaiua!"

Maskini, kile kioo! Tangu kinunuliwe hakijamfaa Fidelia kitu; alikifunika kitambaa cha kudarizi tu, wageni wasimcheke. Akapapasa vitufe vyenye utelezi wa damu mpaka akakipata kile chenye kinundu, vidole vyake vinakoanzia safari. Akaandika mstari mmoja, akabonyeza cha kutuma.

Sauti ikatoka chini ya meza, kilipokaa kisanduku cha kompyuta yenyewe, tulivu kama ya katekista: "Leo amenifuata nyumbani na shoka lile lile. Barua imetumwa."

Shoka likainuka tena. Fidelia alisikia matone yakidondoka huku na huku, shemeji akiitafuta sauti inakotokea.

"Kushoto kidogo, shemeji," akamwelekeza, pale ulipopita waya mkubwa wa umeme.