Nati za Chiriku

Mama Chiriku alipiga magoti kando ya baiskeli ya binti yake, spana mkononi, masikio yote yakiwa getini. Mumewe na watoto walikuwa wamekwenda dukani kununua tyubu za akiba, na kama wangerudi na kumkuta hapo, pangechimbika. Alikuwa amekatazwa kuigusa.

"Kila mtu na cherehani yake," mumewe alimwambia asubuhi ile, nusu utani, nusu kweli. "Mimi sishoni magauni ya wateja wako, na wewe usiziguse baiskeli zangu. Nimezikagua zote, hazina kasoro."

Yeye alikuwa fundi cherehani, mumewe fundi umeme, na mwezi mzima nyumba haikuwa na habari nyingine ila safari. Wangekwenda kwa bibi kwa baiskeli, siku kadhaa njiani: baba mbele na kitindamimba kwenye kiti cha nyuma, Chiriku katikati, mama mwisho. Kila jioni walitandaza ramani juu ya meza ya chakula. Walale wapi usiku wa kwanza, maji wajaze wapi, mvua ikinyesha wajibanze wapi. Chiriku, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kwa jinsi alivyopiga domo tangu aote meno, aliuliza kama mwanasesere wake naye angehitaji helmeti.

Mama aliuliza swali moja tu. "Na malori?"

"Malori yana barabara yao, sisi tuna pembeni yetu. Mama Chiriku, wewe unaogopa hata kivuli chako!"

Aliogopa, ndiyo. Mteremko ulianzia hapo hapo nje ya geti lao, mrefu, mkali, na chini kabisa uliangukia barabara kuu. Siku moja, akitoka kununua nyuzi, aliona pale chini kiatu kimoja cha mtoto, kimelala katikati ya lami, bila mwenyewe. Hakumuuliza mtu. Alishika njia akaenda zake, na tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Kila akifumba macho alikiona kile kiatu, na kila mara kilikuwa cha Chiriku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sasa angemweleza nani asichekwe?

Ndiyo maana alikuwa chini, sketi imejaa vumbi, akimkinga mwanawe kwa njia aliyoiweza. Namna ya kukaza nati alijifunza kwa sikio. Baba mtu alikuwa amewatungia watoto wimbo wa ufundi, nao waliuimba uani kutwa kucha hadi ukamwingilia chumba cha kushonea kupitia dirishani:

*Kulia ndiko kukaza,*
*kushoto kunalegeza!*

Ulikuwa wimbo mrefu kama mkia wa kishada. Yeye alishika mwanzo, cherehani ikameza uliobaki. Mwanzo ulimtosha.

Nati ya gurudumu la mbele, kulia. Haikutikisika. Ya nyuma, kulia. Imebana kama mkono wa bahili. Usukani, kiti, breki, pedali ya kulia, zote zilikuwa zimekazwa barabara. Akaanza kuona haya. Huenda mumewe alisema kweli, huenda hofu ilikuwa imeshamgeuza chizi.

Akahamia upande wa pili. Akaitia spana kwenye pedali ya kushoto, akaivuta kulia. Ikasita. Akaegemeza uzito wa mwili. Ikatoa mlio mdogo, ikakubali, halafu ikazunguka kwa ulaini, tena na tena.

Kijasho chembamba kikamtoka. Kumbe imelegea! Hazina kasoro, amesema. Mtoto wangu angeikanyaga hii, kwenye mteremko ule! Akaendelea kuzungusha, machozi yakidondokea mnyororo, hadi aliposikia vicheko getini. Akachomoa spana, akaisunda mfukoni, akasimama.

"Unafanya nini hapo?" mumewe akauliza.

"Napangusa vumbi."

"Vumbi! Baiskeli inakwenda kwenye vumbi, wewe unaipangusa vumbi?"

Wakishafika salama, angemtolea siri hiyo mbele ya mama mkwe, amwone atakavyotafuta pa kuficha uso. Usiku ule alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu akione kile kiatu.

Asubuhi walijipanga getini. Mumewe alikagua kamba za mizigo, akambana mkanda kitindamimba, kisha akamtazama mkewe kwa mshangao.

"Mbona leo hutetemeki? Au nikupime homa?"

"Leo siogopi," alisema, na ilikuwa kweli. Moyo wake ulikuwa umetulia hata yeye mwenyewe alishangaa.

"Mama, nitangulie?" Chiriku akadakia.

"Mfuate baba yako, mwanangu. Nenda tu."

Baba akatangulia. Chiriku akafuata, akaiacha baiskeli ishike kasi yenyewe, kisha akainuka kwenye kiti kama alivyopenda, akasimama juu ya pedali, uzito wote mguu wa kushoto. Mama alikuwa bado anapanda ya kwake, akitabasamu. Upepo ulimrudishia sauti ya binti yake akiimba, ubeti baada ya ubeti, hadi ule wa mwisho, ambao cherehani haikuwahi kumwachia ausikie:

*Ila pedali ya kushoto,*
*hiyo ni kaidi, mtoto:*
*ukiipeleka kulia,*
*njiani itakukimbia!*