Ujumbe wa Sauti kwa Mama Mkwe

Mchumba wa binti yetu, mchimbaji katika mgodi wa Kinsevere, alituma ujumbe wa sauti WhatsApp tukiwa tunakula: «MAMA, NITAKUYA DIMANCHE!»

Kuja Jumapili, sawa, lakini kumfokea mama mkwe! Nikasukuma sahani ya bukari, ugali wetu, pembeni. «Mahari yake narudisha leo.» Binti yetu akaanza kulia.

Mke wangu Marceline aliichukua simu. Aliibana sikioni, akafumba macho, akausikiliza ujumbe tena. Bukari ilikuwa imemkaukia vidoleni.

«Papa,» Marceline akaniambia, «sikiya muzuri. Nyuma yake kuko mashini ya kusaga mawe. Haiko hasira. Anawaza hatutamusikia.»

Miaka yote hii mwanamke huyu ananishinda.

Akabonyeza kurekodi, akasimama, akapaza sauti hadi majirani wakachungulia:

«KARIBU, MUTOTO WANGU! NIKUPIKIYE NINI?»